Miezi Saba ya Chai ya Elieza

Kabla ya ugonjwa nilikuwa nalima tangawizi yangu mwenyewe na kuibeba kichwani hadi barabarani. Pia nilikuwa msimamizi wa zamu za maji kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Aliyeiba zamu ya mwenzake nilimsema mbele za watu mpaka akalia. Ndivyo nilivyo.

Uvimbe ulianza titi la kushoto, kama punje ya haragwe. Hauumi. Nikaunyamazia. Mwanamke wa rika langu hamwonyeshi mtu titi. Ulipofika ukubwa wa limau, chuchu ikaingia ndani na maumivu yakaninyima usingizi.

Akaja Elieza, mtoto wa shemeji yangu, mtu mzima mwenye ndevu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Usiende kukatwakatwa. Huko Ulaya bangi ni dawa, wameihalalisha, inakausha kansa. Hapa wanatuficha tu."

"Mimi mzee wa kanisa, nivute bangi?"

"Huivuti. Unachemsha na tangawizi. Nani atajua?"

Nikanywa. Sitawadanganya: maumivu yalipungua, nikalala. Nikadhani napona. Elieza kila akija anasema, "Si unaona? Unakauka huo!" Miezi saba. Haukukauka, ulitoboka. Usaha, damu, harufu ya panya aliyefia darini. Nikawa najifunga khanga tatu. Mdomo mkavu, moyo unakimbia, siku nyingine sijui kama nimekula.

Asubuhi moja, kichwa kimevurugwa na ile chai, nikaenda nikafungua ndiva, nikamwagilia tangawizi yangu mpaka bwawa likabaki tope. Haikuwa zamu yangu. Ilikuwa ya jirani yangu Nakijwa, na mbegu yake ndiyo kwanza imeingia ardhini.

Wakaniita kwenye kikao cha maji. Wanawake wanacheka: "Leo msema watu kakamatwa!" Nakijwa akanisogelea anifokee. Akanusa.

"Mama Namkunda, unaoza?"

Nilitaka kumtukana. Nikafungua khanga.

Hakuna aliyetaja maji tena. Kesho yake wakafunga machela wakaniteremsha mlimani. Nakijwa alishika mti wa mbele, njia nzima ananigombeza: "Ufe kabla hujanirudishia zamu yangu, utaniona!"

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo. Akauliza nilitumia nini, nikamwambia. Hakucheka.

"Bibi, kuna watu inawatuliza maumivu, na wataalamu bado wanaichunguza. Lakini kutulia siyo kupona. Hiyo miezi yote uvimbe ulikuwa unakula."

Wakakata titi lote. Kisha dawa za mshipani: nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi, nikatapika mpaka nyongo. Binti yangu Namkunda alishika beseni.

"Mama, si ungeniambia?"

"Ungenipeleka hospitali."

"Ndiyo!"

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alilia. Mimi nilikuwa na hasira, na bado ninayo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Sasa redioni nawasikia wakibishana, bangi ihalalishwe, isihalalishwe. Sheria siijui, niliishia darasa la nne. Ila kama ni dawa, basi ipimwe, itolewe na mtu anayejua ugonjwa na kipimo. Siyo sufuria ya Elieza! Na nyie mnaosema ni majani ya wahuni tu, mwenye maumivu mpeni cha kumtuliza, la sivyo ataenda kwa Elieza. Mimi nilienda.

Namshukuru Mungu, na yule binti daktari, na mabega ya wale wanawake. Nakijwa nilimpa zamu zangu mbili, akasema ni chache. Na wewe mama unayesoma, shika titi lako, hata kama una miaka themanini. Ukikuta kitu, shuka mlima siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyopita, natoka kanisani, nikamkuta Elieza njiani na mwanamke nisiyemjua, mkono kaubana kifuani.

"Huyu hapa niliyemponya mimi, muulize mwenyewe," anamwambia. "Shikamoo, mama mkubwa."

Sikumwitikia. Nilifungua vifungo vya gauni langu la kanisani, pale pale njiani, nikamwonyesha yule mama kovu.

"Hii ni kazi ya kisu," nikamwambia. "Chukua khanga yako, twende."