Afisa Michezo Aliyesimama Barabarani

Mwaka ule wa corona, shule zilipofungwa na uwanja wa Bariadi ukabaki wa mbuzi, afisa michezo wetu alianza kutuletea ngoma nyumbani. Alikuja na pikipiki, spika imefungwa nyuma kwa mpira, barakoa ikimshuka kila alipopaza sauti, naye akiipandisha kwa kidole kimoja. Hakuingia uani kwa mtu. Alisimama barabarani, vidole vikigonga tangi la mafuta, akatangaza kwa sauti iliyokauka: "Nyoosheni majembe! Likimgusa mwenzako, umesogea mno!" Nasi tukacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe.

Bibi tu ndiye hakutoka. Tangu rafiki yake azikwe bila yeye kwenda, alijifungia ndani na chakula akawa anakirudisha. Nilipomweleza afisa, hakusema hata pole. Aliuliza tu, "Bibi ni Mgika au Mgalu?" Nikajibu Mgalu. Kwetu wacheza ngoma ni wa makundi hayo mawili, na hayajawahi kukubaliana nani bora. Basi akainua kipaza sauti, akamsalimia kama mama kwa kilugha chetu: "Mwadila, mayu! Nasikia Wagalu wa mtaa huu siku hizi kazi yao kulala!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "We mtoto wa Kigika, nani kalala?" Bibi akachukua jembe, akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Afisa akapiga magoti palepale vumbini, akakubali kushindwa. Mama alitaka kumshukuru, akabaki analia huku anacheka. Bibi alikuwa ameshaketi, anauliza ugali uko wapi.