Kilichokuwa Ndani ya Supu ya Mama Munguti

Nthenya, ambaye mtaa mzima wa Noonkopir ulimwita Mama Munguti kwa jina la mwanawe, hakukulia kwenye tambi na tofu. Alizaliwa Mbooni, akaolewa huko, akafiwa na mume mapema, na katikati ya miaka ya tisini akaja Kitengela kutafuta kazi kama wengi waliotoka Ukambani. Aliipata katika nyumba walimokaa wasimamizi wa kiwanda kimoja cha nguo upande wa Athi River. Wasimamizi hao walitoka Taiwan, na hawakutaka ugali wala githeri.

Mpishi wao alikuwa mama wa makamo aliyejua Kiswahili cha maneno machache sana. Alimfundisha Nthenya kwa kumshika mikono. Unga wa ngano ukandwe mpaka ukaze, utandazwe, ukunjwe, ukatwe nyuzi nyembamba. Soya ilale kwenye maji, isagwe, ichujwe kwa kitambaa, ichemshwe, kisha itiwe maji ya limau. Hapo yale maji meupe hukatika, yakafanya mabonge, na mabonge yakikandamizwa chini ya jiwe huwa tofu. Kwenye tambi mama yule alitia maji fulani ya chupa kutoka kwao ili zisilegee. Chupa zilipoisha, Nthenya alijaribu magadi, haya haya tunayolainishia maharagwe, na tambi zikatoka za manjano na zenye kuvutika. Mpishi alionja, kisha akajipakulia tena.

Kiwanda kilipofungwa, wasimamizi walirudi kwao. Nthenya alikodi chumba cha mabati Noonkopir, si mbali na machinjio ambako mifupa ilipatikana kwa urahisi, akafungua hoteli ya supu ya tambi. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka supu ya namna ile ilibidi aende Nairobi, kwenye mahoteli ya Kichina yenye taa nyekundu ambako mhudumu hukutazama viatu kwanza. Mimi niliila kwake mara nyingi, na sijaona sababu ya kwenda kuitafuta kwingine. Ilikuwa supu ya mifupa iliyochemka tangu alfajiri, tangawizi ya kutosha, vitunguu vya majani, tambi, na vile vipande vyeupe laini vinavyoelea.

Wateja wake wa kwanza walikuwa wasichana wa viwandani. Selpha, fundi wa cherehani, aliinua tambi kwa uma siku ya kwanza akazitazama.

"Mama Munguti, hii ni supu ama ni uzi wa kushonea?"

"Kula. Ikibaki, utashona nayo."

Baadaye akaja mzee Kuntai, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyejulikana toka Kitengela hadi Isinya. Meno yalikuwa yamemwisha upande mmoja, na nyama choma ilikuwa imeanza kumpa taabu. Supu ile ilimfaa. Alikula vile vipande vyeupe kwa furaha, na wiki ya pili akaja na wanunuzi wenzake. Mzee alipokuwa akiwakaribisha mezani, Nthenya alimsikia akiwaeleza kwamba ile nyeupe ni mayai, ute uliogandishwa kwa njia ya kigeni.

Nthenya alicheka kidogo, akaendelea kupakua. Meza zilikuwa zimejaa, na mzee alikuwa amefurahi. Hakumsahihisha siku hiyo, wala siku zilizofuata. Nami nasema wazi kwamba hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyeketi mezani kwako amekukabidhi mwili wake. Hawezi kuonja na kupeleleza kwa wakati mmoja. Anayejua kilichomo chunguni ndiye mwenye wajibu wa kusema, hata asipoulizwa.

Mwaka ule mvua ilikosekana. Ng'ombe walikonda, na wengine wakafa njiani wakipelekwa kutafuta nyasi. Asubuhi moja Kuntai alifika mapema kumwambia Nthenya awatengee nafasi wageni wake. Hakumkuta mbele, akazunguka jikoni. Nthenya alikuwa ameinamia sufuria ya maji meupe, akitia limau, na mabonge yakianza kujitenga.

"Karibu mzee. Bado sijafungua."

Kuntai alitazama sufuria ile, kisha akatazama nyingine iliyokuwa ikichemsha mifupa.

"Hii nyeupe ndiyo huwa unaweka ndani ya ile?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kula hapa."

Kwa Wamaasai wa rika lake, maziwa na nyama havikutani katika tumbo moja. Anayevichanganya amemkosea heshima ng'ombe, na kundi lake laweza kupata madhara. Kuntai alikuwa Mkristo, na kanisani alikuwa na kiti chake, lakini mwiko huu aliushika kama alivyofundishwa na babake.

"Niko na ng'ombe, Mama Munguti," alisema polepole. "Unajua niko na ng'ombe."

"Si maziwa, mzee. Ni maharagwe, ni soya."

"Mimi nimelelewa na maziwa. Nimeyaona yakikatika tangu nikiwa mtoto. Utanifundisha?"

Akaondoka. Siku hiyo hakuna mnunuzi hata mmoja wa ng'ombe aliyekuja, wala siku iliyofuata. Habari ilizunguka machinjio kwamba mama wa Kikamba alikuwa mchawi, akiwalisha wazee maziwa kwenye supu kwa siri. Wasichana wa viwandani walilipwa mwisho wa mwezi na walikula kwa nadra. Bila wazee wale, hoteli isingeweza kuendelea, na Nthenya alilijua hilo.

Jirani yake Jane, aliyeuza chapati, alimjia na ushauri.

"Mama Munguti, mwambie alichoona yalikuwa maziwa ya chai. Na ile ya supu ni mayai. Si ndivyo yeye mwenyewe alikuwa anasema?"

"Na nikishamwambia, kesho nitampikia nini?"

"Mpikie mayai basi. Nani atajua?"

"Wacha, Jane. Ananiita mchawi kwa kitu sikufanya. Nikidanganya, atakuwa na haki ya kuniita."

Jumapili baada ya ibada, Nthenya alibeba soya aliyoiloweka, kinu cha mkono, limau na kitambaa kipya, akaenda nyumbani kwa Kuntai kwenye barabara ya Isinya. Mzee alikuwa ameketi kivulini kando ya nyumba. Alimwona, hakusimama. Mkewe, Kakenya, ndiye aliyetoka.

"Sopa," Nthenya alimsalimu kwa Kimaa.

"Ipa. Umekuja kutulisha tena?"

"Nimekuja kupika mbele yako, mama. Uone kila kitu."

Kakenya alitikisa kichwa. "Hapana. Mikono yako ikae mbali. Nitapika mwenyewe, na maji ni yangu."

Alileta sufuria ya ugali, wala si chombo chochote cha maziwa. Akaipekua soya kwa vidole, akazivunja mbegu mbili tatu kwa meno, akaanza kusaga. Nthenya aliketi juu ya jiwe akiwa amefumbata mikono, akimwelekeza kwa mdomo tu. Kakenya alipokamua kitambaa, maji meupe yakashuka, naye akasimamisha kazi.

"Inafanana kabisa," alisema.

"Chemsha kwanza, mama. Kisha uonje."

Kuntai hakusogea, lakini alikuwa ameacha kutazama ng'ombe. Sufuria ilipochemka, Kakenya alichota kwa kijiko, akapuliza, akanusa, akaonja. Alikunja uso. Akaonja tena, akamwita mumewe kwa Kimaa, akacheka.

"Njoo, mzee. Kama hii ni maziwa, basi ng'ombe wake anakula shamba la maharagwe na anazaliwa huko huko."

Kuntai alikuja, akaonja. Alikiweka kijiko chini taratibu. Nthenya alitaka kusema, lakini mzee alimtangulia.

"Ulinisikia nikiwaambia watu ni mayai?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mzee. Watu walikuwa wengi, na wewe ulikuwa umefurahi. Nilikosa."

"Mama, anayepika ndiye husema," Kakenya alisema, naye hakuwa akicheka tena.

Kuntai akasema, "Mimi nitakuja. Lakini wale wanaume sitawaambia mimi. Nikiwaambia, watakula kwa sababu yangu. Utawaambia wewe, mmoja mmoja, kabla ya kuwapakulia."

Siku ya mnada wa ng'ombe wanunuzi walikuja nyuma ya Kuntai, wakaketi bila kuvua kofia, kama watu wasio na nia ya kukaa. Nthenya alipita meza kwa meza, mabakuli yakiwa bado matupu.

"Supu ni ya mifupa ya ng'ombe. Tambi ni unga wa ngano na magadi. Hii nyeupe ni soya, ni maharagwe. Hakuna maziwa, hakuna mayai. Asiyetaka, aseme."

Kakuta, kijana wao mwenye mdomo, akasema, "Mimi niwekee tambi peke yake. Hiyo maharagwe inavaa nguo ya maziwa, siiamini."

"Sawa. Tambi peke yake."

Mzee mmoja alisimama akatoka, na hakurudi tena hoteli ile maisha yake yote. Nthenya hakumfuata. Wengine waliuliza maswali, naye akayajibu, wakala, baadhi yao wakivisukuma vipande vyeupe ukingoni mwa bakuli.

Alimfikia Kuntai mwisho.

"Supu ni ya mifupa ya ng'ombe," alianza.

"Mimi najua," mzee alisema.

"Najua unajua. Tambi ni unga wa ngano na magadi."

Kuntai alishusha mkono uliokuwa umeshika kijiko, akamsikiliza hadi akamaliza. Kisha akamsogezea bakuli lake, ampakulie.