Muhuri wa Chifu Ulichongwa Darasani Mwangu

Ndugu wasomaji, nashukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina. Majina ya wanafunzi pia nimeyabadilisha. Mimi ni mwalimu wa kike, miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kiwanjani hapa Isiolo. Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari: kuchora, kuandika herufi za mabango na kuchonga lino, vipande laini kama mpira vya kupigia chapa. Baba alishafariki, na nyumbani mama na wadogo zangu wananitegemea mimi.

Muhula uliopita msichana wa kidato cha tatu, nitamwita Halima, alibaki darasani baada ya kipindi. Akaniuliza herufi zinachongwaje kwa mviringo ili zikigongwa zisomeke sawa. Nilifurahi sana, maana wengi huniuliza tu sanaa itawasaidia nini. Nilimfundisha kuziandika kinyume, nikamshikia kioo azisome, nikampa na lino aende nayo likizo kwao Kulamawe.

Wiki mbili zilizopita mwalimu mkuu alikagua kabati letu la sanaa akakuta muhuri wa chifu, wa bandia. Ufunguo wa kabati huwa na Ekai, kiranja wa darasa. Ekai alikana, lakini alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Mimi nilipoushika muhuri ule nilijua. Halima anatumia mkono wa kushoto, na kisu chake huacha mkato wa kulala ambao hakuna mwingine anao. Nilimwita kando. Hakukataa; alisema aliuficha kabatini siku Ekai alipoliacha wazi. Aliniambia baba yao aliuawa na majambazi wa shifta waliochoma nyumba, na karatasi zote zikaungua. Kaka yake alienda kwa chifu mara nne kuomba barua ya kupata kipande, yaani kitambulisho, akarudishwa. Bila kipande alikuwa anakamatwa kila akipeleka mbuzi sokoni. Sasa anacho, kwa barua aliyoiandika Halima na kuigonga muhuri ule.

"Mwalimu, ukisema, wanampeleka jela," alisema. "Mimi wanifukuze tu, lakini yeye ndiye anamlisha mama."

Jumatatu mama yake Ekai alikuja kwa miguu kutoka Leparua, akakaa mlangoni pa darasa langu mpaka kipindi kikaisha. Hakunigombeza.

"Wewe unajua mkono ya kila mtoto," aliniambia. "Angalia hiyo kitu, uniambie kama ni ya kijana yangu."

Nikamjibu kwamba sijaonyeshwa. Nilimdanganya mama wa watu nikimtazama machoni, naye akanishukuru akaondoka.

Nilienda kwa mwalimu mkuu nikamwambia Ekai hana hatia, na kwamba ufundi ule ulitoka kwangu. Akafunga mlango. Akaniambia nisijiingize, niandike tu kwamba ni Ekai, maneno yaishe kabla polisi hawajaitwa. Anataka ripoti yangu Ijumaa, yenye jina na sahihi.

Nikimwandika Halima, namfunga kaka yake. Nikimwacha Ekai, hatafanya mtihani wake, na hakuna shule nyingine itakayompokea. Nikijiandika mimi, nitapoteza kazi, na bado wataniuliza niliuchonga kwa ajili ya nani. Darasani wanafunzi wakiinua mikono kuniuliza kitu, naogopa kuwafundisha.

Ndugu zangu, leo ni Jumatano. Karatasi iko mezani, nimeandika tarehe peke yake. Nishaurini, nijaze jina la nani?