Mwaliko wa Mgiriki

Barua ilikuwa ya Kiswahili, imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na ilipitia kwa mchungaji wetu wa Moraviani kule Kigwa kwa sababu mwandishi hakujua anwani nyingine. Mchungaji aliileta mwenyewe hadi kwangu mjini, Ipuli, ikiwa imeshafunguliwa.

"Mwalimu," aliniambia, "soma ukiwa umekaa."

Aliyeandika alikuwa mzee wa Kigiriki. Zamani baba yake alikuwa na shamba la tumbaku nje ya Kigwa, na marehemu mama yangu alikuwa mpishi wao. Walirudi kwao nikiwa bado shule ya msingi. Sasa mzee huyo aliishi kwenye kisiwa cha ukoo wao, na alitaka mtoto yeyote wa yule mpishi aende kupumzika kwake wiki mbili, kila kitu juu yake. Sababu hakutaja.

Kaka yangu, ambaye bado analima kulekule Kigwa, alinisikiliza nikimsomea hadi mwisho.

"Kwa nini sasa?" akauliza.

"Sijui."

"Hakuna mtu anayetoa tiketi ya ndege hivihivi. Huyo anataka saa yao. Atakufungia huko mpaka useme iko wapi."

Hapo inabidi nieleze. Mama hakuacha kazi kwa Mgiriki, alifukuzwa. Saa ya dhahabu ya bwana ilipotea, ikasemekana mpishi kaichukua. Askari walikuja kupekua nyumba yetu, wakamwaga hata unga. Hawakuona kitu, mama hakufungwa, lakini neno lilibaki. Akipita sokoni, mtu alimsimamisha kwa adabu zote: "Mama, samahani, saa ngapi sasa hivi?" Wengine wakaangua kicheko. Mama alitazama jua, akataja saa, akaendelea na safari yake. Kaka alipigana mara nyingi kwa ajili ya swali hilo.

Kwa hiyo nilikwenda. Wanangu walidhani nimetamani bahari. Mimi nilitaka kumwangalia mtu huyo usoni. Nilishona mfuko ndani ya gagulo, nikatia pasipoti humo, nikapanda treni hadi Dar es Salaam, kisha ndege mbili, kisha meli nusu siku nzima.

Bandarini alinisubiri mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu na fimbo.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nilishtuka. Alinizidi miaka saba au minane. Mkubwa anayemwamkia mdogo ana jambo moyoni. Nikajikuta nimeshaitikia "marahaba" kabla sijafikiri, na nikajuta.

Kisiwa chenyewe kilikuwa mlima wa mawe ulioota baharini. Miti hakuna, ni vichaka vya miiba na mbuzi, na upepo usiokoma. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, ngazi za mawe mpaka magoti yanauma. Mkewe alisimama mlangoni, mama mfupi mwenye sweta nyeusi, akanishika mkono kwa ncha za vidole. Akasema maneno mengi kwa Kigiriki.

"Anasema karibu," mzee akatafsiri.

Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini. Urefu wa sentensi naujua.

Chumbani kwangu kulikuwa na kabati la droo tatu. Ya juu ilikuwa imefungwa na ufunguo haupo. Asubuhi ya kwanza niliona pete na hereni kwenye kibao cha bafuni, mchana hazikuwepo. Yule mama aliingia kutandika kitanda nilichokwisha kukitandika, na macho yake yalizunguka kama ya msimamizi wa mtihani. Mimi nami sikuwa mwema. Kahawa sikuinywa mpaka mumewe apige funda la kwanza, na nikilala niliegemeza kiti mlangoni.

Kila siku mzee alinipeleka ufukweni. Wazungu walijianika hadi wakawa wekundu, mimi nimekaa chini ya mwavuli na kitenge changu, natazama maji. Aliniuliza habari za nyumbani: kama mininga bado ipo, kama watu bado wanakula matobolwa, vile viazi vya kukausha, kama treni bado inasimama Kigwa. Nilijibu kwa mkato. Mara kadhaa alianza, "Mama yako...", kisha akageuka kumwita mhudumu alete maji. Nikasema moyoni, anatafuta pa kuingilia.

Siku ya sita tuliporudi nilifungua sanduku langu. Vitenge vilikuwa vimekunjwa mara nne. Mimi hukunja mara tatu.

Nilishuka na sanduku, nikaliweka juu ya meza barazani, wote wawili wakiwa wamekaa.

"Mwambie mkeo amalizie kupekua."

Yule mama aliwiva uso, akasema jambo kwa haraka.

"Tafsiri," nikamwambia.

"Anaogopea vitu vyake."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya habari ya saa."

"Nani alimpa habari hiyo?"

Alivua kofia. "Mimi."

Kisha akaeleza, huku anaiangalia fimbo yake. Alikuwa na miaka kumi na moja. Aliichukua saa chumbani kwa baba yake ili awaringishie watoto wa wafanyakazi, ikamponyoka ikatumbukia kisimani. Baba alipouliza, alimnyooshea kidole mpishi.

"Mama yako alikuwa ameniona nikitoka nayo," akasema. "Alinitazama tu. Baba alikuwa akinichapa kwa mkanda, na mama yako ndiye aliyekuwa akinikanda maji ya moto baadaye. Hakusema."

Nilitegemea kusikia faraja. Nilichosikia ni hasira, na si kwake peke yake. Mama alimkinga mtoto wa mwenzake kwa gharama ya heshima yake na yetu sisi. Hakutuuliza.

Tena kuna jambo lingine. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama akiwa kanisani, nilifungua sanduku lake la bati nikaitafuta ile saa. Nilipekua mpaka chini kabisa. Aliporudi aliona kanga zimekunjwa ovyo, akazitoa zote, akazikunja upya mbele yangu bila neno. Hilo sijamwambia kaka yangu.

Mke wa mzee alimvuta shati, anataka kujua. Safari hii mumewe alizungumza kwa muda mrefu. Alipomaliza, yule mama aliinuka, akazikunja nguo zangu moja moja mara tatu, kama alivyozikuta mwanzoni, akalifunga sanduku. Kwa siku mbili hakumsemesha mumewe. Mezani alinipakulia mimi kwanza, na yeye mzee akajipakulia mwenyewe.

Nilimpigia kaka simu. Nikampa mzee, nikamwambia aseme mwenyewe. Alisema kwa Kinyamwezi, Kinyamwezi safi cha zamani, hadi mwisho.

Kaka akasema, "Subirini."

Tukamsikia anatembea, anapumua, anaita watu. Alikwenda na simu hadi dukani, jirani na stesheni, akaongeza sauti. "Haya, sema tena."

Mzee akasema tena. Na mara ya tatu, kwa waliochelewa. Jasho lilimtoka, nami sikumpunguzia. Kwenye simu nilisikia minong'ono, kisha sauti ya mzee mmoja wa huko:

"Mzungu gani anasema Kinyamwezi hivyo? Huyo ni mtu wa Chemchem huko mjini, mmempanga."

Nikawasha picha, nikamsogezea simu usoni, aonekane na mvi zake na macho yake ya kijivu. Wengine wakashangaa, akina mama wawili watatu wakamtaja mama yangu kwa jina, wakasema pole. Yule mzee wa Kigwa akasema hata picha siku hizi zinatengenezwa.

Nimesharudi Ipuli. Mgiriki hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Kuna siku napokea, kuna siku naiacha iite. Kule Kigwa wapo walioamini, na wapo wanaosema tumelipwa ili tumsafishe marehemu. Kaka amechoka kubishana nao. Mimi nikienda, bado nabishana.