Miaka Tisa ya Baba

Siku baba yangu alipoukana ubatizo wake nilikuwa nimesimama kando yake.

Alifanya kazi upande wa asidi katika kiwanda cha shaba, nasi tuliishi Panda, kambi ya wafanyakazi. Kila mwezi walimkata kidogo kwa ajili ya pensheni, apende asipende. Majirani walinung'unika kwamba hela hizo zinawanenepesha wakubwa tu. Yeye aliwacheka.

"Buzee yangu nalipiaka minye mwenyewe," alikuwa akisema. "Batoto bangu habatanibeba."

Kisha kifua kikaharibika. Alikohoa mpaka ashike ukuta. Kadi yake ya kazi ilisema bado miaka tisa kabla ya kustaafu. Mama aliposikia hivyo aliingia chumbani, akatoka na kadi ya ubatizo ya baba kutoka misheni. Kwa kadi hiyo, umri wa kustaafu alikuwa ameshautimiza.

Ndipo nilipojua. Alipoandikwa kazi, kabla sijazaliwa, kampuni ilitaka vijana. Vyeti havikuwepo, karani alikutazama meno, akaandika mwaka uliomtajia. Baba alijipunguzia miaka tisa. Wenzake wengi walifanya hivyo hivyo na kujiona wajanja kweli.

Tulikwenda ofisini sote watatu, mimi nikiwa wa kumsomea mama Kifaransa. Karani, kijana wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, aliziweka kadi mbili pamoja mezani.

"Citoyen, hii karte ya misheni ni yako?" aliuliza, akimwita baba mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa siku zile. "Kama ni yako, basi ulidanganyaka kampuni. Kazi yako yote ni ya bongo, ya uongo, na pension inaisha."

Nilijua baba atafoka. Nyumbani chumvi ikizidi kidogo tu, kambi nzima ilipata habari. Lakini aliitazama ile kadi, akashusha sauti.

"Ile ni ya kaka yangu," alisema. "Alikufaka mutoto, na minye balinipatiaka jina yake. Balimuzikaka ku mugini."

Baba hakuwahi kuwa na kaka, kijijini wala kwingine. Mimi nilitaka kupiga kelele, na naona haya kwamba sikupiga. Karani alimrudishia mama kadi, akamwambia baba arudi miaka ikitimia.

Tulirudi kambini kwa miguu.

"Baba ya batoto," mama akasema mlangoni, "umejizika muzima."

Baba alijibu kwamba kesho ana zamu ya asubuhi.

Alidumu kazini miaka minne tu. Siku ya kumzika, fundi wa msalaba aliuliza mwaka wa kuzaliwa, nami nikamtajia ule wa misheni. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Andika ya kampuni," alimwambia fundi. "Batakuja kuuliza, na minye ninangojea pension ya mujane."

Kadi ya ubatizo ilikuwa mkunjoni mwa kitenge chake. Niliona ncha yake alipoinama kuweka maua.