Jina Lisilo la Ukoo Wetu

Harufu ya njahi zikichemka hunirudisha mpaka leo katika jiko letu la mbao kule Giakanja, mwezi wa Agosti, ukungu ukiwa umelalia majani chai hadi saa nne asubuhi. Njahi, zile kunde nyeusi, ni chakula cha mama aliyejifungua, na mama yangu alikuwa ametoka hospitalini Nyeri na mtoto msichana. Nilikuwa na miaka tisa, kifungua mimba, nikifuatwa na wavulana wawili. Wanawake walikuja na vyondo vilivyojaa ndizi na unga wa uji, na kabla hata ya kuketi wakauliza swali ambalo kwetu huulizwa kila mtoto anapozaliwa: "Nani amekuja?"

"Ni Wangui," Mama akajibu, na vigelegele vikapigwa. Wangui lilikuwa jina la mamake baba, yaani Cucu, aliyeketi karibu na moto akijifanya hasikii. Baba, mtu wa maneno machache, alimpokea mtoto akamwita "Maitu", yaani "mama yangu". Mimi hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Nilisimama mlangoni na kuni mikononi, shaka likaniingia.

Majina kwetu hayakuchaguliwa kwa uzuri wake. Msichana wa kwanza alikuwa mamake baba aliyekuja tena, wa pili mamake mama, kisha wakaja mashangazi. Majina ya ubatizo tuliyaona ya kuazima tu. Darasani walikuwepo akina Purity wanne na akina Mercy watatu, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Jina la nyumbani ndilo lililosema wewe ni wa nani. Tulijua kwamba Nyambura ni wa mvua, Wangari ni wa chui, na Njoki ni yule aliyerudi. Langu lilikuwa Nyaguthii, mtu wa kwenda, msafiri. Nilipekua pande zote mbili za ukoo, shangazi kwa shangazi, nisimpate Nyaguthii hata mmoja.

Jirani yetu, Mama Kariuki, ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. "Kwani huyu si ndiye msichana wa kwanza?" alisema akinitazama juu ya kikombe chake cha uji. "Na si Wangui? Ati wewe ulitoka wapi?" Wanawake wakacheka. Mama hakucheka, aliugeukia ukuta akamnyonyesha mtoto, na mimi nikaliona hilo.

Tangu siku hiyo nikawa askari kanzu nyumbani mwetu. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikilinganisha masikio yangu na ya Baba. Wakubwa wakinyamaza nilipoingia, nilijua walikuwa wakinisema mimi. Nyama nikipewa ndogo, nilijua kwa nini. Nikipewa kubwa, nilijua wananiaga. Niliamini kabisa kwamba niliokotwa mahali, na kwa kuwa sasa Wangui wa kweli amefika, ningeambiwa niende kama jina langu lilivyosema. Nikakunja gauni langu la kanisani, nikalitia kwenye mfuko wa karatasi chini ya kitanda. Kumbeba yule mtoto nilikataa katakata. Cucu aliponiomba nimletee shuka lake, nilimjibu, "Mwambie mjukuu wako akuletee." Hakunichapa. Alinyanyuka polepole, akalichukua mwenyewe.

Kesho yake, akifagia, aliukuta ule mfuko. Alinijia nyuma ya zizi akiwa ameushika.

"Hii nguo inaenda wapi?"

"Kwetu," nikasema, na kilio kikanishinda.

Cucu akaketi kwenye nyasi zenye umande, na gauni langu mapajani. "Wewe ulizaliwa soko ya Giakanja, nyuma ya magunia ya waru," alisema. "Mama yako alikuwa ameenda kuuza kabeji, ukakataa kungoja. Mama mmoja wa Endarasha, muuzaji wa hizo viazi, ndiye alikushika. Akakufunga na kitambaa yake ya kichwa. Aliitwa Nyaguthii, na hakuwa na mtoto hata mmoja. Mimi niko na vijana watatu, jina yangu itazaliwa tu. Yake ingeenda na nani? Nikaambia baba yako, anza na yeye."

Sikumwamini. Nilikimbia kwa Mama nikadai kukiona hicho kitambaa. Mama alifungua sanduku, akakitoa chini kabisa, cha buluu, kimepauka kwenye mikunjo. Alikuwa amenyamaza miaka yote, akaniambia, kwa kuogopa watu waseme alimnyima mama mkwe nafasi yake. Ndipo nilipopiga hesabu: Cucu alikuwa amengoja miaka tisa, ndugu za Baba bado hawajaoa, wavulana wawili wakapita, bila kujua kama msichana mwingine angekuja. Nami nilikuwa nimemwambia aende kwa mjukuu wake. Niliona aibu ambayo haijanitoka mpaka leo.

Siku hizi ninaishi Nyeri mjini, sina mtoto, na kushuku bado sijaacha. Watoto wa jirani zangu wana majina matamu yaliyotolewa kwenye simu, na nikiuliza nani amekuja, wazazi wao hunitazama wasielewe. Mwaka jana mdogo wangu Wangui alijifungua msichana wake wa kwanza. Miezi mizima nilikuwa nimemsikia akimsomea mumewe orodha, Arielle, Tiana, nikajua majina yetu yameisha. Nilienda kumwona nimejiandaa kununa.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kando ya kitanda, akichambua njahi kwenye ungo. Nafasi ya jina ilikuwa yake. Nikauliza kwa mazoea tu, "Nani amekuja?"

"Nyaguthii," Wangui akasema.

Nilimgeukia haraka yule mama, nikitafuta hasira usoni pake. Hakuinua hata kichwa. "Yangu itangoja," alisema, akitupa kijiwe nje ya ungo. "Keti umbebe. Tumesikia mama yake ulimkataa."