Niliajiriwa Kuruka

Siku niliyokwenda kuomba kazi niliulizwa swali moja tu: kama naweza kuruka.

Ilikuwa katika godauni la vipuri vya mashine, huko Ghala, mtaa wa viwanda wa Maskati. Baba na mama walikwisha kufariki, mmoja nyuma ya mwenzake, na mie mkubwa nikaacha skuli ili wadogo zangu wawili, Zuwena na Nasor, wasiiache yao. Nilikwenda kuomba kazi ya kupanga na kubeba. Meneja alikuwa Muaustralia, shingo nyekundu kwa jua la Maskati. Aliinuka kitini, akanitazama kwenda juu, maana mie ni mrefu kupita kiasi, kisha akasema maneno kwa Kiingereza. Msimamizi wa godauni, Ami Seif, mtu wa Zanzibar kama wazee wangu, akanifasiria.

"Anauliza, unaweza kuruka?"

"Kuruka wapi, ami?"

"Juu! Ulitaka kuruka wapi? We jibu, usimtie mtu maswali siku ya kwanza."

Nikajibu kuwa naweza. Meneja akanipa mkono.

"Kesho unaanza hapa," Ami Seif akasema. "Na Ijumaa saa kumi uende kiwanjani Qurum, na kaptura. Usichelewe."

Basi nikajua nimeajiriwa kwa kazi mbili.

Qurum, baada ya kuswali alasiri, nilikuta wanaume wazima wakicheza mpira wa kwao Meneja, wa Australia, kwenye kiwanja cha vumbi kilichochorwa kwa chokaa, umbo la yai. Kila upande imesimama milingoti minne ya mabomba ya maji, iliyounganishwa gereji moja ya Ghala. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku, ukidunda hujui utakwenda wapi, na wao pia walikuwa hawajui. Kazi yangu ilikuwa ya katikati. Refa anaupiga mpira chini kwa nguvu, unapanda, na warefu wawili, mmoja wa kila timu, wanaurukia. Anayeufikia anaupiga kwa kiganja uwaangukie wafupi wa upande wake, na hao wafupi ndio wanaokimbia nao na kusifiwa. Ukipita baina ya milingoti miwili ya kati ni pointi sita. Ukikosea ukapita pembeni yake, pointi moja.

"Amekosa, mbona anapewa?" nilimwuliza Kocha, ambaye siku nyengine alikuwa mwalimu wa skuli.

"Kwa kuwa amejaribu," akanijibu.

Nilimhadithia Ami Seif, akacheka mpaka akakaa juu ya katoni. "Skiza, weye. Huku ukiniletea kipuri sicho, usingoje pointi."

Ofisini kwa Meneja ilitundikwa picha ya babu yake, aliyecheza mpira huo huo kwao, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtu mrefu, mikono kaikunja, kaptura yafika magotini, viatu vya ngozi vilivyopigiliwa vipande vya ngozi chini ili visiteleze kwenye tope. Kiwanda cha mtaani kwao, alisema Meneja, kilimpa kazi kwa sababu ya kuruka kwake. Akafunga maboksi siku za kazi, na Jumamosi akairukia timu ya mtaa. Mpaka siku goti lilipovunjika, kiwanda kikamwambia asirudi tena. Meneja alipenda kuihadithia kwa wageni, nami nikipita na chai nikiisikia. Kila nikiisikia nayatazama magoti ya yule babu, kisha yangu.

Kwa hiyo sikukosa Ijumaa hata moja. Nilifika kabla ya Meneja, mwenye mpira. Kidole kilipotoka mahali pake nilikivuta mwenyewe nikarudi uwanjani. Zuwena alikuwa akinipokea mlangoni na maji ya chumvi.

"Kaka, kazi gani hii, mtu anarudi jicho limevimba?"

"Kazi ni kazi, Zuwena. Nasor kashasoma?"

Lilikuwapo jambo moja nililolipenda, nisiseme uongo. Ukiudaka mpira uliopigwa kutoka mbali kabla haujagusa chini, refa anapiga filimbi na watu wote wanakaa mbali nawe. Unarudi nyuma, unapumua, unaupiga kwa raha zako. Katika maisha yangu yote hapana pahala pengine watu waliponipisha hivyo.

Halafu goti likaenda. Niliruka vizuri, nikatua vibaya, nikalisikia mwenyewe. Daktari akasema kutembea nitatembea, kuruka basi. Nasor alikuwa amebakisha mwaka mmoja chuoni. Usingizi haukunijia. Kulipokucha nikachukua funguo za godauni nilizokwisha kukabidhiwa, nikaenda kwa Meneja nikichechemea, nikaziweka mezani. Kiingereza nilikwisha kukiokota.

"Goti limekwisha," nikamwambia. "Naomba unipe mwaka mmoja wa kubeba tu, mpaka mdogo wangu amalize. Kisha n'takwenda."

Alizitazama funguo, akanitazama mie. "Uende wapi?"

Nikamwonesha picha ya babu yake.

Aliigeukia picha. Kisha akamwita Ami Seif, kana kwamba nimesema lugha asiyoijua. Ami Seif aliposikia akashika kichwa.

"Ulidhani ni kazi? Mie nikikuona unavyokwenda mbio nikasema mtoto huyu kaingiwa na wazimu wa mpira!"

"Si wewe uliyenambia nisichelewe, ami?"

"Nilikwambia usichelewe. Sikukwambia uvunjike!"

Meneja hakucheka. Alizisukuma funguo mpaka zikafika mkononi mwangu, akasema taratibu, "Ijumaa ngapi nilitaka kubaki nyumbani na wanangu. Lakini nikijua wewe umeshafika, umesimama pale peke yako juani. Nikaona haya."

Mpaka leo sijajua nani kati yetu alikuwa akimfanyia kazi mwenziwe.

Nilibaki godauni mpaka umri wa kustaafu. Nasor alimaliza, Zuwena naye akasomea uuguzi. Meneja aliporudi kwao aliniachia ile picha, nami nimeitundika barazani. Wageni wanaosikia habari za yule babu husema alikuwa shujaa, aliupenda mpira kuliko goti lake. Huenda. Vijana mnaosoma haya mtakuwa na wakubwa wenu, na nilikuwa nataka kukwambieni muwaulize mapema lipi kazi, lipi mchezo. Lakini ningeuliza, nisingekwenda, na sijui kama hilo ningelitaka.

Juzi mtoto wa Nasor aliniuliza yule mzungu ni nani. Nikamwambia ni mfanyakazi mwenzangu, naye aliajiriwa kuruka.

"Alikuwa akipenda kuruka, ami?"

Niliitazama picha, mikono ile iliyokunjwa, magoti yale.

"Nna hakika hapana aliyemwuliza," nikamjibu.